DERAYA HUVALIWA KABLA YA VITA: Sindano ya kinga kwa mtu mzima mwenye himofilia



Ndugu zangu katika imani, andiko la leo ni refu na linaanza na kosa langu mwenyewe. Nivumilieni mpaka mwisho.

Mwaka jana, baada ya darasa la Magharibi hapa Shelui, ndugu mmoja alisubiri mpaka watu wakaisha msikitini ndipo akanisogelea. Ni mtu mzima, ana mke na watoto. Wanaoswali nasi wanamjua kwa kiti chake cha plastiki, maana goti lake la kulia halikunjiki tena. Akaniambia: "Shekhe, daktari wa damu ameniambia kuna sindano mpya. Unachomwa chini ya ngozi, hata mara moja kwa mwezi, ukiwa huvuji popote. Amesema niandikishe jina, dawa ikipatikana nitaitwa. Nyumbani wananiambia kujichoma dawa kabla ya ugonjwa ni kuuita huo ugonjwa, tena ni kukosa kumtegemea Mola. Wewe unasemaje?"

Nilikuwa na haraka. Kulikuwa na mtu ananisubiri nje na pikipiki. Nikamjibu huku natafuta viatu: "Ndugu yangu, dawa ni ya mgonjwa. Kama huvuji, huumwi. Tawakkal kwa Allah, siku ukivuja ndiyo uende hospitali."

Akanishukuru, akaondoka. Hakuandikisha jina.

Wiki chache baadaye kiwiko chake kikaanza kuvuja damu kwa ndani, usiku, bila kugongwa na chochote. Akakaa nacho nyumbani siku nne anakandwa kwa maji ya moto na kumezeshwa diklofenaki za dukani. Nimekuja kujua baadaye kwamba vyote viwili vinazidisha kuvuja. Leo mkono ule haukunjiki vizuri. Akileta takbira, mkono mmoja unafika usawa wa sikio, mwingine unaishia kifuani. Na mimi ndiye ninayemswalisha.

Mnaijua hadithi ya Jabir aliyoipokea Abu Dawud, ya Sahaba aliyepasuliwa kichwa na jiwe safarini, kisha akaota usiku. Akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawamuoni na ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari alikasirika sana, akasema kuwa wao ndio waliomuua, na kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Ndugu zangu, nimeisoma hadithi hii darasani mara nyingi mno, na kila mara nilikuwa nawafikiria watu wengine.

Basi jibu lile nalifuta hapa hadharani, kama nilivyolifuta mbele yake. Na safari hii nimeuliza kwanza.

Himofilia ni nini? Wachimbaji wa hapa kwetu watanielewa upesi. Kwenye duara refu mawe hayapandi juu yenyewe. Watu hujipanga, mmoja anamkabidhi mwenzake kiroba mpaka kinatokeza juu. Damu nayo ikitoka, huganda kwa protini zinazopokezana kazi namna hiyo, na wataalamu wamezipa namba. Mwenye himofilia A, namba 8 hayupo kwenye foleni, au yupo lakini hana nguvu. Namba 9 ameshika kiroba, namba 10 amenyoosha mikono, katikati hakuna mtu. Kazi imesimama na damu inaendelea kutoka. Mwenye himofilia B, anayekosekana ni namba 9 mwenyewe.

Watu wengi wanadhani hatari yake ni kukatwa na kisu. Hapana. Kwa mwenye hali kali, adui mkubwa ni damu inayovujia ndani ya viungo, kwenye goti, kiwiko, kifundo cha mguu, mara nyingi bila sababu inayoonekana. Ikivujia hapo mara kwa mara inaula ule mfupa laini wa kiungo mpaka kinakakamaa. Ikivujia kichwani, tunakwenda kuzika.

Wala huu si ugonjwa wa majini, na si laana ya ukoo. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita tabibu wetu Abul-Qasim az-Zahrawi wa Andalusia, katika kitabu chake At-Tasrif, alieleza habari za kijiji ambacho wanaume wake walikuwa wakivuja damu mpaka kufa kwa majeraha ambayo wengine wanapona. Aliona kuwa yanawapata wanaume. Leo tunajua kwa nini: kasoro hupita kwa mama kwenda kwa mtoto wa kiume, na mama mwenyewe mara nyingi haoni dalili kubwa. Tena karibu theluthi ya wagonjwa hawana historia yoyote ya ugonjwa huu katika familia zao. Kwa hiyo wewe uliyemwacha mke kwa sababu "anazaa watoto wanaovuja", nenda kamwombe radhi.

Kwa hesabu inayotumika sana, ya mtu 1 katika watu 10,000, na sisi kwa sensa ya 2022 tuko zaidi ya milioni 61, Tanzania peke yake inapata wagonjwa kama 6,000. Wako wapi? Wengine wamelala makaburini tangu siku walipotahiriwa, na tukasema siku zao zilifika. (Suala la jando kwa mtoto anayevuja nitaliandikia peke yake, in shaa Allah. Kwa sasa jua tu kwamba wanazuoni wamesema anayechelea kufa kwa kutahiriwa, wajibu huo unamwondokea mpaka hatari iondoke.) Wengine wako migodini na mashambani, wanaficha.

Sasa sindano yenyewe. Tiba iliyozoeleka ni kumrudishia mgonjwa ile namba 8 kwa kumchoma kwenye mshipa. Inafaa, na damu ikishaanza kuvuja ndiyo inayotegemewa. Shida ni kwamba ndani ya nusu siku hivi, nusu ya dawa imeshaisha mwilini. Anayetaka kujikinga nayo huchomwa mshipani mara mbili au tatu kila wiki, maisha yake yote. Sasa mwambie hivyo mtu wa Shelui, ambaye kliniki ya himofilia ya Muhimbili kwake ni safari ya siku nzima ya basi.

Hii mpya inaitwa emisizumabu, kwa jina la dukani Hemlibra. Ni kingamwili iliyotengenezwa maabara, na ilibuniwa Japani. Haimrudishi namba 8. Inachofanya ni kusimama pale penye pengo na mikono miwili: mmoja unamshika namba 9, mwingine unamshika namba 10, kiroba kinapita. Na inakaa mwilini muda mrefu, nusu yake huisha baada ya takribani wiki nne. Ndiyo maana baada ya sindano za kuanzia, moja kila wiki kwa wiki nne, mgonjwa anaweza kuendelea kwa sindano ya kila wiki, ya kila wiki mbili, au ya kila wiki nne. Chini ya ngozi, kama insulini. Hahitaji mtu wa kumtafutia mshipa.

Marekani waliiruhusu Novemba 2017 kwa wale ambao miili yao imeanza kuipinga protini namba 8 wanayopewa, na Oktoba 2018 kwa wengine wenye himofilia A. Na haikujaribiwa kwa watoto tu. Katika utafiti mmoja uliotolewa 2018 walikuwamo watu 152 wenye umri wa miaka 12 na kuendelea. Wasiopewa kinga walivuja damu ya kuhitaji matibabu kwa wastani wa mara 38 kwa mwaka. Waliochomwa kila wiki walivuja kwa wastani wa mara moja na nusu. Zaidi ya nusu ya waliochomwa hawakuvuja damu ya kuhitaji matibabu hata mara moja. Mara 38 kwa mwaka, ndugu yangu! Gawanya kwa wiki uone mtu huyo anabaki na siku ngapi za kulima alizeti.

Mimi nasema sindano hii inamfaa zaidi mtu wa Shelui kuliko mtu wa London. Mtu wa London akianza kuvuja, hospitali iko karibu na dawa iko kwenye friji nyumbani kwake. Wa kwetu akianza kuvuja saa nane ya usiku, hana lingine ila kusubiri kupambazuke. Asiye na tiba karibu ndiye mwenye haja zaidi ya kinga.

Tuje kwenye tawakkul, maana hapo ndipo nilipoteleza. Kisa cha ngamia mnakijua wote, sitakirudia. Nawauliza jingine: siku ya Uhud, Mtume (s.a.w.) alivaa deraya ngapi? Mbili, moja juu ya nyingine. Yeye ambaye hakuna aliyemtegemea Allah kuliko yeye. Alizivaa lini? Kabla mshale haujarushwa. Hakuna aliyemwambia asubiri ajeruhiwe kwanza. Na ni yeye aliyetufundisha, katika hadithi ya Bukhari na Muslim, kula tende saba za ajwa asubuhi ili mtu asidhurike na sumu wala uchawi siku hiyo. Hiyo ni dawa inayoliwa na mtu mzima wa afya, kabla ya madhara. Kama kutangulia ni upungufu wa imani, basi tende zile tungeambiwa tuzile jioni, baada ya kurogwa.

Na Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham, akasikia tauni imeingia huko, akageuza msafara. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Jibu la Umar maana yake ni kwamba anaikimbia kadari ya Allah na kuiendea kadari ya Allah. Akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde lenye majani na bonde kavu: kote atakakochunga ni kwa kadari ya Allah, lakini mwenye akili anakwenda kwenye majani. Wafugaji wa Wembere hilo hawahitaji shekhe wa kuwaeleza.

Nakuja kwenye jambo zito kuliko hayo, ambalo nimeona watu hawapendi kulisema. Dawa hii ni ghali mno. Ilipoanza kuuzwa Marekani, bei yake kwa mgonjwa mmoja ilitajwa kuwa takribani dola 482,000 kwa mwaka wa kwanza. Hakuna mtu Singida nzima wa kuinunua kwa mfuko wake. Kwa nchi maskini njia iliyopo ni misaada: kampuni ya Roche iliahidi kuwapa kinga watu hadi 1,000 katika nchi zinazoendelea kwa miaka mitano, kupitia Shirikisho la Himofilia Duniani. Watu 1,000 kwa nchi zote hizo! Na dawa hupimwa kwa kilo. Ya mtu mzima mmoja wa kilo 60 inawatosha watoto wanne wa kilo 15. Kwa hesabu hiyo, ukiwa na chupa chache utamchagua nani?

Hata mimi ningeanza na watoto. Viungo vyao bado vizima, ukiwakinga leo hawatauhitaji msikiti uwawekee viti. Simlaumu daktari anayechagua hivyo. Ninachopinga ni pale "tuanze na watoto" inapogeuka kuwa "tuishie kwa watoto", na mtu mzima anaambiwa, au anajiambia mwenyewe, kwamba miguu imeshaharibika, kinga ya nini tena. Goti moja limekufa, la pili bado. Kichwa bado. Mkono wa kushikia jembe bado, au ulikuwa bado mpaka mimi nilipotoa ile fatwa ya kutafuta viatu. Na huyo mtu mzima ndiye anayewalisha hao watoto. Mwongozo wa Shirikisho la Himofilia Duniani, toleo la tatu la 2020, unataka kinga kwa wagonjwa wenye hali kali, wakubwa kwa wadogo, na umeitaja emisizumabu humo. Madaktari wa India na Thailand wamekuwa wakijaribu dozi ndogo zaidi ili chupa moja iwafikie wengi. Hiyo ndiyo akili ya watu wenye kidogo, na sisi tunaijua, mboga ya watu wawili tumeshaila watu wanane.

Na tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Ndugu zangu mnaosoma hapa mkiwa kwenye ofisi za maamuzi, na najua mpo, magonjwa ya watu wachache hayana kelele. Mgonjwa wa himofilia hawezi hata kuandamana, miguu haimruhusu. Mtajeni nyinyi.

Maswali ya fiqhi niliyoulizwa nitayajibu kwa ufupi. Je, dawa hii inatokana na damu? Hapana, haitokani na damu ya mtu. Inatengenezwa kwa seli zilizotokana na hamsta, mnyama mdogo jamii ya panya, zikakuzwa maabara, kisha dawa ikasafishwa. Wala haina nguruwe. Mgonjwa hali seli, anachomwa protini iliyosafishwa kwa haja ya kuokoa viungo na roho, na mimi sioni kizuizi. Hata ile namba 8 inayotolewa kwenye damu ya wachangiaji, dharura inairuhusu. Japo hapa pana faida nyingine: miaka ya 1980 dawa zilizotokana na damu ziliwaambukiza maelfu ya wenye himofilia duniani virusi vya ukimwi na homa ya ini kabla njia za kuzisafisha hazijaimarika. Kingamwili hii haipiti njia hiyo.

Je, inafunguza? Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1997 lilipitisha kuwa sindano za chini ya ngozi, za msuli na za mshipa, zisizokuwa za lishe, hazifunguzi. Chomwa mchana wa Ramadhani, funga yako ipo.

Lakini msije mkaondoka hapa mnadhani nimesema ni muujiza. Kinga hii haisimamishi damu iliyokwisha kuanza kuvuja. Ukipata ajali, ukiwa unapasuliwa, bado utahitaji dawa nyingine, kwa hiyo mwambie kila daktari na kila muuguzi kuwa unatumia emisizumabu, kwa sababu kuna dawa ya kugandisha damu ambayo ikichanganywa nayo kwa wingi imewahi kuleta mabonge hatari kwenye mishipa, na pia kipimo cha kawaida cha kuganda kwa damu kinaweza kuonyesha uko salama kumbe sivyo. Andika kwenye karatasi, weka kwenye pochi. Ni ya himofilia A tu. Wenye B wamefunguliwa mlango mwingine: Oktoba 2024 Marekani waliruhusu kingamwili iitwayo masitasimabu, ya kila wiki, kwa A na B, kuanzia miaka 12. Na dawa hizi zinataka ubaridi. Emisizumabu hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na nje ya friji haizidi siku saba kwa jumla, tena kusiwe na joto la kupita nyuzi 30. Mnalijua joto la bondeni Wembere. Kwa hiyo si dawa ya kuweka juu ya kabati, ni ya friji la zahanati linalowaka kweli.

Na wewe unayesoma haya huku kiungo kinakuvimba mara kwa mara tangu utotoni na hujawahi kupimwa, acha maji ya moto, acha diklofenaki na aspirini, usikubali sindano ya msuli, weka barafu, pumzisha kiungo, kisha uende ukaombe rufaa kwa daktari wa damu. Mwambie wazi: "Mjomba wangu upande wa mama naye alikuwa hivi." Neno hilo la mjomba linamfungua daktari macho.

Kuna nauli. Hapa nasema na wachimbaji wa Shelui na Sekenke. Katika madhehebu yetu ya Shafii, dhahabu unayoitoa ardhini ikifikia kiwango, gramu 85 hivi, ina zakati ya asilimia 2.5 papo hapo, haisubiri mwaka uzunguke. Wangapi mnaitoa? Fukara na maskini wametajwa mwanzo kabisa katika aya ya 60 ya Suratut-Tawba, na mtu asiyeweza kufanya kazi kwa sababu ya viungo, mwenye watoto, asiye na nauli ya kwenda kliniki, ni nani kama si huyo? Dawa hatutaweza kuinunua. Basi la kumfikisha ilipo, na chakula cha watoto wake kwa siku atakazokuwa huko, tunaweza. Kuanzia Ijumaa ijayo kutakuwa na sanduku lake karibu na mlango wa wudhuu, na mweka hazina atasoma hesabu kila mwezi kwa sauti.

Ndugu yetu ameshaandikisha jina. Bado hajaitwa. Nimemwomba anisamehe, akacheka, akasema kwani shekhe ulijua? Sikujua, na hilo ndilo tatizo. Tumuombee Allah amfikishie zamu yake kiwiko cha pili kikiwa bado kizima, na awaponye wagonjwa wetu wote.

Mwenye swali la fiqhi aniandikie hapa chini. Mwenye swali la dozi amuulize daktari wake, mimi sitalijibu hata ukinisubiri nje ya msikiti.

Wallahu a'lam.